Huduma ya familia za mapokezi mjini Goma: godoro hufika mapema, asistanti sosiali huchelewa

Mimi na mume wangu tumepokea nyumbani kwetu, kwa nyakati tofauti, watoto wawili waliopoteana na wazazi wao, na wote wawili tuliletewa na shirika moja la kienyeji la ulinzi wa watoto linalofanya kazi pamoja na Division ya Mambo ya Kijamii, ofisi ya serikali tuliyozoea kuiita DIVAS. Naandika tathmini hii kwa ajili ya familia nyingine za hapa Goma, mashariki ya Kongo, zinazofikiria kujiandikisha. Shirika lenyewe sitalitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezisikia pia kutoka kwa akina mama waliopokea watoto kupitia mashirika mengine, na isingekuwa haki kulibebesha moja lawama za wote. Kwa kifupi, ningeipa huduma hii nyota tatu kati ya tano: inachagua familia kwa uangalifu mkubwa, inatafuta wazazi kwa uaminifu mkubwa zaidi, lakini kati ya hatua hizo mbili, yaani katika miezi ambayo mtoto analala kwako, inakuacha peke yako kuliko inavyopaswa.

Kwanza ifahamike kazi yenyewe ni ipi, maana mitaani inaeleweka visivyo. Kuwa familia ya mapokezi si kuasili mtoto. Kuasili ni jambo la mahakama, linaloongozwa na Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, na humpa mtoto wazazi wapya kisheria. Sisi tunampokea mtoto kwa muda tu, wakati wazazi au ndugu zake wanatafutwa. Anabaki na jina lake, na ukoo wake, na dini aliyokuja nayo, na siku mtu wake akipatikana anaondoka. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, ambayo ndiyo iliyoanzisha mahakama za watoto nchini, inamhesabu kuwa mtoto kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, kwa hiyo anayekuja kwako anaweza kuwa kichanga, na anaweza pia kuwa kijana mwenye sauti nzito kuliko ya baba mwenye nyumba. Hakuna mshahara. Jambo hilo hurudiwa kwenye kila kikao, na bado majirani hawaliamini.

Mji wetu una historia ndefu ya watoto wa namna hii. Wazee wa Ndosho wanaukumbuka mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika mjini kwa mamia ya maelfu, na watoto wasio na mtu wakakusanywa huko wengi kupita uwezo wa watu wazima waliokuwa wakiwahudumia. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021, familia zilitawanyika gizani, wengine wakielekea Sake na wengine Gisenyi. Katika mlipuko huo wa pili UNICEF ilitangaza, hata kabla vumbi halijatulia, kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Kisha vita vilipofufuka upande wa Rutshuru na baadaye Masisi, kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zikajaa. Vituo vya kupokelea watoto vipo na vina kazi yake, hasa kwa siku za kwanza, lakini miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inataka watoto, na hasa wale wadogo walio chini ya miaka mitatu, walelewe ndani ya familia, na ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe bila sababu nzito. Shirika letu linaishika kanuni hiyo ya ndugu bila kuyumba. Mama mmoja wa kata yetu aliyekuwa na nafasi ya mtoto mmoja aliombwa asubiri, na watoto wawili waliokuwa wameandaliwa kuja wakapelekwa pamoja kwa familia nyingine yenye chumba kikubwa. Alinung'unika, lakini nadhani shirika ndilo lililokuwa na haki.

Uchaguzi wa familia ndio sehemu bora ya huduma. Jina letu lilipelekwa na RECOPE, yaani ule mtandao wa raia wa kata wanaofuatilia mambo ya watoto, na baada ya hapo tuliombwa kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, cheti cha mwenendo mwema kutoka komini, yaani ofisi ya manispaa, na neno la nyumbakumi. Makaratasi hayo yanapatikana kwa uvumilivu na kwa nauli ya pikipiki, sina la kuongeza. Kilichonivutia ni ziara ya nyumbani. Asistanti sosiali, yaani mfanyakazi wa ustawi wa jamii, alifika bila kutoa taarifa, saa ile ya jioni ambayo makaa yamewashwa na kila mtu yuko uani, akaomba kuona mahali mtoto atakapolala, choo, ua, na mahali tunapohifadhi maji. Kwenye mlango wa chumba cha watoto kulikuwa na komeo la nje, lililowekwa na mwenye nyumba wa zamani. Akalisukuma, akalivuta, kisha akaomba kwa upole liondolewe kabla hajaandika chochote, kwa sababu, alisema, kuna watoto waliowahi kufungiwa, na sauti ya komeo inawatosha kukesha usiku kucha. Halafu akaomba kuzungumza na binti yetu peke yake. Nilikuja kujua baadaye kwamba alimwuliza kama yuko tayari kugawana kitanda, nguo na mama yake, na kwamba jibu la binti yetu, lililokuwa ndiyo kwa kitanda na hapana kwa nguo, liliandikwa kwenye fomu kama lilivyotoka. Huduma inayomsikiliza mtoto wa mwenyeji kabla ya kumleta mgeni inajua inachokifanya.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa parokia, na yalikuwa mazuri kwa maudhui na mabaya kwa lugha. Tulifundishwa kwamba mtoto aliyekimbia vita anaweza kukojoa kitandani akiwa na miaka kumi, kuficha vipande vya ugali chini ya godoro, au kucheka mahali pasipo na kicheko, na kwamba hayo yote si utovu wa adabu. Tulikatazwa kumpiga, kumtuma kuuza barabarani, kumpiga picha, na zaidi ya yote kumhoji juu ya yaliyompata. Akitaka kusema tumsikilize, asipotaka tumwache. Hilo la mwisho lilinisaidia kuliko yote, kwa sababu wageni wetu, hasa wa kanisani, hupenda kuuliza. Lakini maandishi yote yaliyoonyeshwa ukutani yalikuwa ya Kifaransa, na mkufunzi aliyasoma kwa Kifaransa, kisha akayafupisha kwa Kiswahili kwa haraka kama mtu anayechelewa ndege. Nusu ya akina mama waliokuwa pale wanafanya kazi zao zote, na kulea watoto wao wote, kwa Kiswahili. Sioni sababu ya kuwafundisha ulezi kwa lugha nyingine.

Sasa nifike kwenye kiti, yaani lile fungu la vifaa ambalo familia hupewa kwa ajili ya mtoto, maana ndicho kinachozungumzwa zaidi mitaani. Siku chache baada ya mtoto wetu wa kwanza kufika, msichana mdogo aliyetoka upande wa Masisi wakati wa mapigano ya Sake mwanzoni mwa mwaka 2024, lililetwa godoro, mablanketi, sufuria, bidoni za maji, sabuni, unga, maharagi, mafuta na mavazi ya mtoto. Vililetwa mchana kweupe, vikapangwa kwenye baraza ili karatasi ya kupokelea itiwe sahihi, na kila aliyepita njiani alivihesabu. Tangu siku hiyo jirani mmoja aliacha kutukopesha chumvi, akisema kwamba sisi sasa tunakula dola za wazungu. Sicheki, uhusiano wa jirani hapa kwetu ni sehemu ya ulinzi wa mtoto, kwa kuwa ni jirani ndiye atakayemrudisha akipotea njia ya kwenda shule. Tena ndani ya nyumba yenyewe kiti kile kilileta tabu ambayo mafunzo hayakuitaja. Chakula kilikuwa cha nyumba nzima, jambo jema, lakini viatu vilikuwa vya mgeni peke yake, vipya, vyeusi, vyenye kamba, na vikawekwa mlangoni kando ya viatu vya mwanangu vilivyoshonwa mara mbili na fundi wa Birere. Msichana mwenyewe ndiye aliyekataa kuvivaa kwa wiki nzima. Ningependekeza kiti kiwe kidogo, kije kwa awamu, kisipangwe barazani, na kikiwa na nguo basi kiwafikirie watoto wa nyumba pia, hata kwa madaftari tu. Yapo pia maneno kwamba familia fulani huomba mtoto kwa ajili ya kiti, na siwezi kuyakana kabisa. Tiba yake naona ni kutembelea zaidi.

Na hapo ndipo lilipo lalamiko langu. Karatasi ya makubaliano tuliyotia sahihi inasema asistanti sosiali atamtembelea mtoto kila wiki katika mwezi wa kwanza, kisha kila baada ya wiki mbili. Mwezi wa kwanza ulitimizwa. Baada ya hapo ziara ziligeuka kuwa simu, na simu zikageuka kuwa ujumbe wa kuuliza kama «kila kitu kiko sawa», swali ambalo mtu mwenye adabu hulijibu kwa ndiyo hata mtoto akiwa na homa. Si uvivu wa mtu. Asistanti wetu alikuwa na familia nyingi mno, zilizotawanyika kuanzia Majengo hadi Mugunga, na nauli ya pikipiki mara nyingine aliitoa mfukoni mwake. Lakini mwenye kupima huduma hupima kinachofika, na ziara hazikufika.

Kinachofanya nilikazie jambo hili ni ziara moja ambayo ilifika. Msichana wetu alikuwa ameandikishwa kwenye fomu ya utambulisho kwa majina mawili tu na jina la mahali ambalo, huko Masisi, linaweza kuwa jina la vilima vitatu tofauti. Hakuwa akisema zaidi. Siku hiyo asistanti alinikuta uani nikichambua maharagi, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka, akaanza kuchambua nasi bila kuuliza lolote. Walishindana kimya kimya, yeye na mtoto, nani atapata vijiwe vingi. Baada ya muda mrefu mtoto akasema kwamba kwao baba yake hachambui maharagi, baba yake hubeba jibini kwenda sokoni. Jibini gani? La duara. Soko liko wapi? Mnashuka, mnapita kwenye msalaba mkubwa, mnapumzika kwa mama mkubwa anayeuza pombe ya ndizi, mnafika. Asistanti hakuandika neno hata moja mbele yake. Aliandika garini, akiwa ameshatuaga. Yeyote aliyewahi kupita Masisi anajua kwamba jibini la huko linatengenezwa mahali maalumu na kubebwa kwa njia maalumu, na habari hizo zilipopelekwa kwa wanaotafuta familia, faili lililokuwa limelala likaamka. Maneno hayo yasingepatikana kwa simu.

Utafutaji wa familia wenyewe unastahili sifa zake kamili. Shirika letu halifanyi kazi hiyo peke yake. Habari za watoto hupelekwa kwa mashirika mengine, na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kwa kushirikiana na Msalaba Mwekundu wa Kongo, ina uzoefu wa muda mrefu wa kuwatafuta watu ng'ambo ya mistari ya mapigano, mahali ambapo gari la kawaida halipiti. Mama wa msichana alipatikana upande wa Minova. Wakati huo barabara ya Sake ilikuwa imekatika, na watu walikuwa wakipita ziwani kwa boti. Mimi nilidhani mama akipatikana mtoto hurudi kesho yake, na siku zilipopita bila kitu nilianza kukasirika, hadi nilipoelezwa kinachosubiriwa. Mama aliulizwa mambo ambayo mama peke yake angeyajua, kovu liko wapi, ndugu zake wanaitwa nani kwa majina ya nyumbani. Mtoto naye akaonyeshwa picha na kuachwa aseme mwenyewe. Machozi ya mtu mzima hayahesabiwi kuwa ushahidi. Katika mkoa ambamo mtoto anaweza kudaiwa na mtu anayetaka mfanyakazi wa bure, au na mtu mwenye bunduki, ukali huo ni wa lazima, na ningekuwa mzazi ninayetafutiwa mwanangu ningeshukuru kwa kila swali.

Upungufu ukarudi katika siku za mwisho. Tulijulishwa jioni kwamba mtoto ataondoka asubuhi. Mwanangu mdogo alikuwa amelala. Alipoamka alikuta kitanda kimoja kitupu, na kazi ya kumweleza tuliachiwa sisi. Hakuna aliyekuja baadaye kuuliza hali ya nyumba iliyobaki. Katika mafunzo tulitumia muda mrefu kujifunza namna ya kumpokea mtoto, na nakumbuka tulitumia dakika chache tu, kabla ya chakula cha mchana, kujifunza namna ya kumwachia. Habari kwamba alifika salama haikutoka ofisini, ilitoka kwa mama yake mwenyewe, aliyeazima simu ya mtu akapiga kusema asante, akaniita «mukubwa wangu», na kuniuliza kwa nini mtoto wake sasa anakataa kulala bila mlango kuachwa wazi.

Mtoto wa pili ni kijana, na historia yake si yangu kuisimulia. Nitasema jambo moja tu linaloihusu huduma. Siku aliyoletwa, gari jeupe lenye nembo ya shirika mlangoni na kwenye bendera yake ndogo lilisimama mbele ya ua wetu kwa muda wa kutosha kwa mtaa mzima kuja kulisoma. Ndani tulikuwa tunatia sahihi karatasi ya kutunza siri. Kwa msichana mdogo jambo hilo lingekuwa kero. Kwa vijana, ambao baadhi yao wanatoka katika makundi yenye silaha na wengine wanashukiwa tu kwa sababu ya umri wao, ni hatari ya kweli, kwa sababu wapo watakaotaka kuwarudisha na wapo watakaotaka kulipiza. Nilipolieleza ofisini nilijibiwa kwamba wafadhili wanataka nembo ionekane. Naelewa kwamba wafadhili wana masharti yao. Lakini mtoto anaweza kuletwa kwa miguu kutoka kona ya barabara, na nembo ikaonekana mahali pengine, kwa mfano kwenye semina.

Januari 2025 mapigano yalipofika ndani ya mji, huduma yote ilitikisika, na sitalilaumu shirika kwa risasi. Mabenki yalifunga, kambi zikavunjwa wiki chache baadaye, na misaada ya Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa kazi za kibinadamu nchini, ikasimamishwa mwezi huohuo. Wafanyakazi walipunguzwa. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo halikuhitaji fedha za mtu: namba ya simu ya dharura tuliyopewa kwenye kadi ililia bila kupokelewa usiku ambao tuliihitaji zaidi, na baadaye tukagundua kwamba mwenye simu hiyo alikuwa ameacha kazi tangu mwezi uliotangulia na hakuna aliyetuambia.

Kuhusu gharama, anayejiandikisha ajue kwamba kiti huisha kabla ya mtoto kuondoka. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, na shirika lilisaidia kumwingiza msichana darasani katikati ya mwaka bila karatasi za shule yake ya zamani, jambo ambalo mzazi peke yake angelihangaikia sana. Lakini sare, madaftari, maji ya kununua kwa bidoni, makaa na dawa za malaria viko juu yako. Familia inayohesabu kila siku kama itakula sombe (majani ya muhogo) peke yake au sombe na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) isione aibu kukataa, au kuomba mtoto wa muda mfupi.

Nani basi ningemshauri ajiandikishe? Nyumba yenye watu wazima wawili wanaokubaliana, au mjane mwenye watoto wakubwa nyumbani, watu wasio na mazoea ya kupokea wageni wengi wa kulala, na wanaoweza kunyamaza mtaani. Asiyeweza kuvumilia mtoto kuondoka asijiandikishe akitumaini kwamba wazazi hawatapatikana; nimekutana na mtu mwenye tumaini hilo, na shirika lilimwondoa kwenye orodha, tena kwa haki. Kabla ya kutia sahihi, uliza asistanti mmoja ana familia ngapi mikononi mwake, na uombe jibu hilo liandikwe. Uliza pia nani anapokea simu saa nane za usiku, kisha usiku huohuo upige uone.

Sisi bado tuko na kijana wetu, na jina letu tumelibakiza kwenye orodha. Tumeandika barua ofisini tukisema kwamba hatutapokea mtoto wa tatu mpaka namba hiyo ya dharura ipewe mtu na ziara za kila wiki mbili zirudi. Barua imepokelewa, imepigwa muhuri, na nakala yake ninayo.